Kanda ya Conan yenye unga mweupe: usiitupe, na usiianike juani

*"Marehemu baba alikuwa na banda la video Tanga, mwishoni mwa miaka ya themanini na kuendelea. Tumekuta sanduku lake la kanda za VHS, na mbili ni za Conan the Barbarian. Moja ina jalada lake, ililetwa na mjomba kutoka Dubai, na bado inacheza. Niliitazama kwa fundi mmoja mwenye deki nzima. Nyingine haina jalada, imeandikwa kwa mkono 'Conan – Kiswahili', na kwenye kidirisha chake naona unga mweupe. Hiyo sijaicheza. Sasa kaka aliyeko Uingereza ameniletea diski mpya ya 4K ya filamu hiyohiyo pamoja na mashine yake, nami nimeshangaa. Picha ina chengachenga, kuna mistari myeusi juu na chini, sauti ya yule adui ni nzito kuliko nilivyozoea, na filamu inachukua dakika 129 wakati kanda ya Dubai inaisha kwa dakika 124. Rafiki yangu anasema ama diski ni feki, ama kanda ilikatwa na wakaguzi. Binamu naye ananiambia ile yenye unga niianike juani au niipitishe kwenye oveni kidogo, halafu niicheze. Je, diski ni feki? Na kwa kuwa ninayo diski, kuna haja gani ya kuhangaika na kanda yenye unga?"*

Ndugu msomaji, pole kwa kufiwa na mzee, na asante kwa kuuliza kabla hujafanya lolote. Nianze na la haraka: ile kanda yenye unga usiicheze, usiianike, na oveni isahau kabisa. Diski yako, kwa dalili ulizozitaja, si feki. Na kanda unayofikiria kuiacha huenda ndiyo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote vilivyomo kwenye sanduku hilo, ikiwa pamoja na diski uliyoletewa.

Tuanze na diski, maana mambo manne yaliyokutia shaka yana sababu zinazoeleweka, na moja kati ya hizo utaihitaji baadaye kwa ajili ya kanda.

Hizo dakika tano hazikuibwa na mtu. Filamu ya sinema hupigwa na kuoneshwa kwa picha 24 kila sekunde. Runinga za Tanzania, Kenya, Uingereza na nchi za Ghuba zilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Waliohamisha sinema kwenda kwenye kanda za PAL walichukua njia ya mkato: waliikimbiza filamu kidogo, zile picha 24 zikawa 25. Piga hesabu mwenyewe: 129 mara 24, gawanya kwa 25, unapata dakika 123 na sekunde hamsini hivi. Hiyo ndiyo 124 yako. Sauti nayo ilikimbizwa pamoja na picha, ikapanda kwa asilimia nne. James Earl Jones, aliyecheza Thulsa Doom, alikuwa na sauti nzito sana tangu mwanzo, na diski inakupa sauti yake kama ilivyorekodiwa. Iliyopandishwa ni ile uliyokua nayo. Kama mjomba angeileta kanda kutoka Marekani, ambako walitumia mfumo wa NTSC, muda usingepungua hivyo, ila deki nyingi za kwetu zisingeicheza sawasawa.

Hata hivyo simpuuzi rafiki yako. Kanda za zamani zilikatwa kweli katika nchi nyingi, na Uingereza kwa mfano ina sheria ya mwaka 1937 inayozuia kuonesha sinema ambamo wanyama walitendewa ukatili wakati wa kupiga picha, ndiyo maana filamu kadhaa zenye farasi walioangushwa kwa waya zilipunguzwa kule. Lakini kipo kipimo rahisi. Chagua tukio moja refu, kwa mfano lile la mtoto Conan kufungwa kwenye gurudumu na kulisukuma mpaka anakuwa mtu mzima. Lipime kwa saa kwenye diski, kisha kwenye kanda. Muda wa kanda ukiwa asilimia 96 ya ule wa diski, na matukio mengine mawili matatu yakitoa jibu hilohilo, hakuna kilichokatwa. Ukipata tukio lililopungua zaidi ya hapo, sikiliza muziki wake. Muziki wa Basil Poledouris umetanda karibu filamu nzima, hivyo mkato wowote wa mkasi utausikia kabla hujauona, kwa sababu ala zitaruka. Angalia pia umechagua nini kwenye menyu, kwani filamu hii ilitoka katika matoleo yaliyotofautiana kidogo, na diski za karibuni huwa na zaidi ya moja.

Sasa chenga. Nimeulizwa hili na watu wengi, na wengi huwa wameshaamua kwamba wametapeliwa. Filamu hii ya mwaka 1982, iliyoongozwa na John Milius na kupigwa sehemu kubwa Uhispania, ilirekodiwa kwenye utepe wa milimita 35. Utepe huo hauna nukta zilizopangwa kwa safu kama skrini ya simu. Una punje ndogo zinazopokea mwanga, zimetawanyika bila mpangilio, na kila picha moja kati ya zile 24 ina mtawanyiko wake. Ukizicheza mfululizo punje hizo huonekana zikitetemeka, hasa kwenye moshi, anga na matukio ya usiku. Chenga ndiyo picha yenyewe. Uso wa Conan umeundwa na punje hizohizo. Kanda ya VHS haikuwa na uwezo wa kuzionesha, kwani ukisoma picha yake kwa upana unapata vitone mia chache tu, kwa hiyo punje zote zilikorogwa zikawa rangi moja laini. Diski feki nayo isingekuonesha punje. Anayetengeneza nakala ya mtaani huibana filamu ili ienee kwenye nafasi ndogo, na kinachofutika kwanza katika kubanwa ni punje. Nyuso hubaki laini na moshi hukatika vipandevipande. Kwa hiyo alama uliyoiona ukadhani ni ya ufeki inashuhudia kinyume chake.

Nenda kwenye mipangilio ya runinga yako, chagua hali ya sinema, punguza ukali wa picha, zima kipunguza chenga na zima kile kinacholainisha mwendo. Runinga nyingi hutoka dukani vyote hivyo vikiwa vimewashwa, na vikikutana na punje halisi huzivuruga mpaka zinakera kweli.

Ile mistari myeusi haifuniki kitu. Filamu ilipigwa kwa umbo pana sana, upana ukiwa mara 2.35 ya kimo, na runinga ya leo ni mara 1.78, kwa hiyo nafasi inabaki juu na chini. Kilichokatwa ni kanda yako ya Dubai. Ili kujaza runinga za wakati ule waliondoa kama asilimia 43 ya kila picha pembeni, wakawa wanasogeza dirisha kulia na kushoto kumfuata anayezungumza. Rudia kuitazama safari ya Conan na wenzake Subotai na Valeria kwenye diski. Utaona watu na milima ambayo hukuwahi kuiona bandani. Na kama menyu ya sauti ina chaguo la mono, yaani sauti ya njia moja, ijaribu, kwani hivyo ndivyo filamu ilivyotoka kwenye majumba ya sinema.

Nikuongezee moja la manufaa kwa kuwa kaka yuko Uingereza. Diski za 4K hazina mipaka ya nchi, na Blu-ray za Uingereza ziko kundi moja na zetu, yaani B. DVD ndizo zenye shida: za kule ni kundi la 2, sisi tuko kundi la 5, na deki nyingi huzikataa.

Nije kwenye kanda yenye unga, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Fikiria imeandikwa nini. "Kiswahili." Filamu hii haikuwahi kutoka Hollywood kwa Kiswahili. Ikiwa maandishi ya mzee ni ya kweli, ndani ya kanda hiyo kuna mtu wa hapahapa aliyekaa na maikrofoni akaisimulia filamu nzima kwa ajili ya wateja wa banda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, na mabanda ndiyo yaliyokuwa sinema ya mtaa. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyejulikana sana kwa kazi hiyo. Kenya inaye DJ Afro, Uganda inaye VJ Jingo. Lakini palikuwa na wengine ambao majina yao hayakuvuka wilaya zao, na kazi yao iliishia kwenye kanda mbili tatu zilizopitishwa mkono kwa mkono. Picha ya Conan haiko hatarini, kwani imehifadhiwa, imesafishwa na inauzwa. Sauti ya msimulizi wa Tanga huenda imebaki kwenye kanda yako peke yake.

Na Conan ni filamu iliyompa msimulizi uwanja mpana kuliko nyingi. Watu wake hawasemi sana. Kwa dakika nyingi za mwanzo, tangu kijiji kuchomwa mpaka mtoto kukua kwenye gurudumu, ni picha na muziki karibu mtupu, na steringi mwenyewe, Arnold Schwarzenegger, ana maneno machache. Tena filamu yenyewe inafunguliwa na sauti ya msimulizi, yule mganga aliyechezwa na Mako. Ningependa sana kusikia mtu wetu alifanya nini na nafasi hiyo: alimpa Conan ukoo gani, alimwitaje Crom, mungu wa Conan, yule nyoka alimtia maneno gani. Hayo hayapatikani kwenye diski ya 4K hata uinunue mara kumi.

Ndiyo maana jua na oveni vinanitisha. Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, umepakwa gundi iliyochanganywa na unga wa madini wenye sumaku. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima. Kwenye unyevu, vumbi na mafuta ya vidole huota ukungu, ambao ndio huo unga mweupe unaouona, nao kwa kawaida huanzia kwenye kingo za utepe, kwa sababu kingo ndizo zinazogusana na hewa kanda ikiwa imevingirishwa. Sasa zingatia mpangilio wa VHS. Picha imeandikwa kwa mistari ya mshazari katikati ya utepe. Sauti ya kawaida imeandikwa kwenye ukingo wa juu, na ukingo wa chini una alama zinazoiongoza deki isome picha kwa mwendo sahihi. Yaani msimulizi wako anakaa palepale ukungu unapoanzia kula.

Jua hupindisha gamba na kulegeza gundi, na utepe ukipoa kingo zake zinaweza kubaki na mawimbi. Hayo ni maumivu ya moja kwa moja kwa sauti. Habari ya oveni ina chanzo cha kweli, na najua binamu yako hakuitunga: zipo kanda za kitaalamu za miaka ya sabini na themanini ambazo gundi yake hunata, na maabara huzipasha kwa saa nyingi kwenye kifaa kinachoshika joto la nyuzi hamsini hivi bila kupanda wala kushuka. Oveni ya jikoni haina uwezo huo, na hata ingekuwa nao, joto la namna hiyo haliondoi ukungu. Ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Kuicheza hivihivi nako ni kubaya. Ndani ya deki kuna ngoma inayozunguka mara 25 kwa sekunde, ikiwa na hedi, yaani vichwa vya kusomea utepe, ambazo mwanya wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Vumbi la ukungu huziba hedi, hukwaruza utepe na hubaki mle ndani likisubiri kanda inayofuata. Kanda moja inaweza kuambukiza sanduku zima kupitia deki ya fundi asiye na habari. Na pale ukungu ulipogandisha mzunguko mmoja na mwingine, utepe hukatika.

Kwa leo fanya haya tu. Vaa glavu na barakoa, na kama una pumu mwachie mtu mwingine, maana vumbi hilo si la kuvuta. Itenge na zenzake. Isimamishe wima, usiilaze, ndani ya chombo chenye vifuko vya kufyonza unyevu, na ukiweke kwenye chumba kikavu mbali na jua. Usiirudishe nyuma wala mbele. Ukungu ukikauka hulala, haukui tena, na huwa rahisi kupanguswa kuliko ukiwa mbichi. Zikague zile nyingine kwa tochi kupitia kidirisha. Ukiona nyuzi nyeupe au mabaka kwenye ukingo wa bobini, yaani kigurudumu kilichozungushiwa utepe, nazo ziende upande wa waliotengwa.

Kisha kuna uamuzi, na sitakuficha kwamba hakuna njia isiyo na hatari. Kusafisha mwenyewe kunawezekana, gamba la VHS hufungwa kwa skrubu tano na bobini zinaweza kuhamishiwa kwenye gamba safi, lakini nisingependa ujifunzie kwenye kanda hii. Kama unataka kujaribu, anza na kanda usiyojali hata ikikatika. Maabara za nje ya nchi zina vifaa bora kabisa, ila gharama ni kubwa na kanda itasafirishwa mbali. Ningeifikiria njia hiyo tu ikiwa mtu wa hapa ameifungua akakuta utepe umegandana. Kwa wengi wetu njia ya kati ndiyo inayofaa: studio za zamani za harusi, zile zilizorekodi kwa VHS na sasa huhamishia kanda za wateja kwenye kompyuta. Baadhi yao ni wazuri sana. Wengine wana deki moja ambayo haijafunguliwa kwa miaka. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS duniani, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo kila deki utakayoikuta ni chakavu kwa kiasi fulani, na kadiri unavyosubiri ndivyo vipuri vinavyopungua. Usiliahirishe hili kwa miaka.

Ukifika kwa fundi, muulize kwanza ukungu anausafishaje. Akikuambia ataicheza tu na deki itajisafisha, mshukuru uondoke na kanda yako. Anayefaa atakuambia ataifungua, atausafisha utepe kwanza, atasafisha njia ya utepe na hedi kwa spiriti isiyo na maji kabla na baada, na atakuruhusu uone akifanya. Utepe ukianza kulia kama filimbi au picha ikipotea ghafla, lazima asimamishe papo hapo, asiendelee eti kumalizia.

Kuna jambo moja la sauti ambalo mafundi wengi vijana hawalijui. Deki za Hi-Fi zina njia ya pili ya sauti, iliyofichwa chini ya mistari ya picha. Baadhi ya deki ziliruhusu kurekodi upya sauti ya ukingoni bila kugusa picha, na mtu akifanya hivyo ile ya Hi-Fi hubaki na Kiingereza chake. Deki ya Hi-Fi ikiiona njia hiyo huichagua yenyewe. Kwa hiyo ukisikia Kiingereza kitupu usivunjike moyo ukadhani mzee aliandika vibaya. Mwambie fundi abadilishe sauti iwe ya kawaida, kisha msikilize tena. Ikiwezekana azirekodi njia zote mbili.

Faili aliache kwenye picha 25 kwa sekunde, asilirekebishe, asilibane kupita kiasi. Chukua nakala mbili, moja kwenye diski ya nje ya kompyuta na nyingine kwa kaka Uingereza. Siku mkitaka kuisikia simulizi hiyo juu ya picha safi ya 4K, ile hesabu ya mwanzo itawafaa: punguzeni mwendo wa sauti kutoka 25 kwenda 24, nayo itakaa karibu sana na picha, almradi kanda haikukatwa. Iwe ya kutazama nyumbani tu. Picha ina wenyewe, na kuipandisha mtandaoni nzima kutakuletea matatizo. Kanda ya Dubai haihitaji kuhamishwa. Kila kilichomo unacho kwenye diski, tena bora, na kama ni nakala halisi huenda imewekewa kinga inayofanya picha ififie na kung'aa unapoinakili.

Wakati kanda ikikauka, piga picha gamba na maandishi ya mzee pande zote, kisha waulize mama, mjomba na wateja wa zamani wa banda ni nani aliyekuwa akisimulia, alikuwa mtu wa mtaa gani, na kama yupo hai. Ukimpata, mpelekee fundi namba yake pia. Yeye ndiye atakayekuambia alirekodi kwa deki ya aina gani, na jibu hilo litamwokolea fundi kubahatisha.